Nukta Thelathini na Nne

Mtu akikiri kosa kabla hajaulizwa, Inspekta humtazama mara mbili. Miaka kumi na tisa kazini ilikuwa imemzoesha watu wanaokana hata walichokamatwa nacho mkononi, wanaoapa kwa makaburi ya wazazi walio hai. Kwa hiyo asubuhi ile, alipowekewa karatasi ya maungamo iliyokwisha kuchapwa, kutiwa saini na kubanwa kwa pini, hakufurahi hata kidogo. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Hapo kazi imekwisha," alisema Mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni na hasira ya kuwatosha watu watano. "Amekubali mwenyewe. Jana jioni, hapo hapo ulipokaa. Katibu wangu akamchapia, akatia saini. Wewe mpeleke tu kituoni."

"Nani alimuuliza?"

"Hakuulizwa. Nilikuwa nafoka tu. Nikasema huu si uzembe, hii ni hujuma, na lazima nitamtia mtu ndani. Nilikuwa nimemlenga yule Profesa wa kompyuta. Mara huyu mama anayetusahihishia kurasa akasimama, akasema, 'Ni mimi, nilifanya makusudi.' Basi."

Kosa lenyewe lilikuwa mezani, limefunguliwa. Kilikuwa kitabu cha mazoezi ya vitenzi vya Kiingereza kwa shule za msingi, nakala elfu kumi na mbili, zimekwisha kushonwa na kutiwa majalada. Ukurasa wa arobaini na mbili ulifundisha kitenzi kimoja tu, kile cha kupokea: receive. Ni neno linalowatoa jasho hata wenye lugha yao. Ile e hutangulia i kwa sababu kuna c kabla yao, na mwalimu aliyekitunga kitabu alikuwa ametenga ukurasa mzima ili mtoto asije akakosea tena maisha yake yote. Humo ndani i ndiyo iliyotangulia. Recieve, mara saba, hata katika ule mstari unaomwonya mtoto asiandike vinginevyo. Mwalimu alikuwa amefungua nakala ya kwanza mbele ya walimu wenzake, akatafuta kiti akakaa.

"Sasa nikuonyeshe kitu," Mkurugenzi akasema, akafunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate. "Ukurasa wa kumi na mbili, neno hilo hilo, sawa. Hamsini na saba, sawa. Themanini, sawa. Penye somo lenyewe ndipo palipoharibiwa, mara saba. Huo ni mkono wa mtu anayejua anachokifanya. Na hapa kwangu anayejua ni mmoja. Unajua tunamwitaje? Bibi Kamusi."

"Miaka mingapi yuko hapa?"

"Ishirini na sita. Amebakiza miwili astaafu."

"Na sababu yake?"

Mkurugenzi alinyanyuka, akamwonyesha dirishani jengo la ghorofa nne ng'ambo ya barabara. "Pale juu kabisa wamekaa washindani wangu. Dereva wangu amemwona akiingia pale mara tatu, saa ya chakula cha mchana. Nilimuuliza alifuata nini. Akatulia kama maji mtungini."

Inspekta aliyarudia maungamo. "Huyu mama akiona kosa la maandishi hufanyaje?"

Mkurugenzi alicheka bila kutaka. "Usiulize. Tangazo la chooni amelisahihisha. Mwaka juzi nilimpa kadi ya harusi ya binti yangu, akanirudishia imejaa wino mwekundu. Na alikuja harusini."

"Haya maungamo aliyasoma kabla ya kusaini?"

"Katibu alimsomea."

"Mstari wa tatu umeandikwa 'makusdui'."

Mkurugenzi alichukua karatasi, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu. "Alikuwa amefadhaika," alisema mwishowe.

"Huenda." Inspekta aliikunja karatasi akaitia kwenye jalada lake. "Maungamo nimeyapokea. Kuyakubali ni jambo jingine. Hata huu ukurasa wako wa arobaini na mbili unafundisha hivyo, zoezi la pili: kinachokufikia mkononi umekipokea, lakini si lazima umekikubali. Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi kamili gari la kituo lije. Sitaki alale nyumbani mtu aliyeniharibia jina."

*

Chumba cha prufu kilikuwa mwisho wa korido, mbali na kelele za mashine. Mlikuwa na meza moja, viti viwili vinavyotazamana, rafu za bahasha za kahawia mpaka darini, na taa ya meza yenye shingo ndefu. Taa hiyo ilikuwa imeinamishwa chini kiasi cha kuacha alama ya kuungua kwenye mbao, duara la kahawia, na ilikuwa inawaka ingawa dirisha lilikuwa wazi na jua limetapakaa chumbani. Inspekta aliiangalia, kisha akamgeukia mwanamke aliyekaa karibu nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi Kamusi alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha kichwa kwa mkazo kama mtu anayekwenda safari. "Umekuja kunichukua? Nipo tayari. Mfuko wangu ule pale."

"Bado. Kwanza nataka kujua kazi yenyewe inafanywaje."

Aliyejibu ni mwanamume wa upande wa pili wa meza. Watu wa kiwanda walimwita Sauti, na akifungua kinywa hukuhitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Bibi Kamusi, na ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hapo wakati ule wa eda, yeye mwenyewe akiwa bado fundi wa jalada.

"Ni rahisi, afande. Mimi nashika muswada, yaani ule ulioandikwa kwa mkono na mwalimu. Shemeji anashika prufu, yaani ukurasa uliopangwa na kompyuta. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa macho. Kila mstari ukiwa sawa anaweka nukta mwishoni kwa penseli. Ukiwa na kosa anasahihisha kwa wino mwekundu. Ukurasa ukiisha anatia saini."

"Na Kiingereza mnasomaje? Hilo neno hutamkwa sivyo linavyoandikwa."

Sauti alitazama shemeji yake, akacheka. "Hapa ndani Waingereza hawaingii. Tunasoma kila herufi kama ilivyo. Re-ke-i-ve. Ka-ni-fe, kile kisu. Mtu akipita dirishani anadhani tunapunga pepo."

"Nionyesheni."

Akawapa ukurasa wa mradi mwingine uliokuwa mezani. Sauti akashika muswada, akaanza, na chumba kikajaa. Bibi Kamusi aliinamia prufu chini ya taa, uso umeelekea pembeni kidogo, penseli mkononi. Inspekta alisimama nyuma yake. Hakusikiliza maneno. Aliitazama penseli tu, namna ilivyoshuka kila Sauti alipovuta pumzi.

"Inatosha," alisema baada ya nusu ukurasa. "Sasa kila mtu aniandikie kwa Kiingereza, 'Nilipokea barua yako jana.'"

Alilipitisha zoezi hilo kiwandani kama mwalimu wa zamu. Sauti aliandika sawa. Bibi Kamusi aliandika sawa, herufi kubwa kubwa zilizopanda juu ya mstari wa karatasi na kuuacha huko chini. Profesa wa kompyuta aliandika i mbele. Mkurugenzi, aliyesema mtihani huo ni wa kitoto na haumhusu, aliandika i mbele vilevile, kisha akasahau na kuweka s mahali pa c.

Kwa hesabu ya haraka, hilo liliwaweka pabaya wale wawili waliopatia. Asiyejua anaweza kukosea popote. Mwenye kujua tu ndiye anayeweza kuchagua pa kukosea. Ndivyo Mkurugenzi alivyomnong'oneza kwenye korido, na Inspekta hakumbishia. Alikuwa anamtilia shaka kila mtu kwa usawa, hata Mkurugenzi mwenyewe.

*

Profesa alipewa jina hilo kwa ubishi, si kwa shahada. Alikuwa mpanga kurasa, kijana wa miaka thelathini na ushei, na alimpokea Inspekta bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Umeandika i mbele," Inspekta alisema.

"Ndivyo inavyoandikwa. I kabla ya e. Tulifundishwa kwa wimbo."

"Wimbo ulikuwa na mstari wa pili."

Mikono ya Profesa ilisimama juu ya kibao. "Mstari gani?"

"Isipokuwa baada ya c. Sasa niambie, muswada wa mwalimu ulipokufikia, uliandikwa vipi?"

Profesa aliondoa macho kwenye kioo kwa mara ya kwanza. "Mwalimu aliandika e mbele kitabu kizima," alisema. "Nikaona mzee wa watu amechoka. Nikamsaidia."

"Ukamsaidia vipi?"

"Kompyuta ina amri ya kutafuta na kubadilisha. Unaiambia neno la zamani na neno jipya, unabonyeza mara moja, kitabu kizima kinabadilika."

"Kwa hiyo kurasa zote zilikuwa na kosa. Kumi na mbili, hamsini na saba, themanini. Mbona zile zimechapwa sawa?"

"Zilirudi na wino mwekundu. Nikazirekebisha moja moja."

"Ukurasa wa kumi na mbili uliporudi na wino mwekundu, hukuelewa kwamba umeharibu kitabu kizima?"

Profesa alijikuna shingo. "Afande, mimi narekebisha nilichoandikiwa chekundu. Sizidishi, sipunguzi. Nilijua arobaini na mbili nao utarudi umeiva kwa wino. Haukurudi. Nikasema labda Bibi Kamusi amekwenda kuangalia, akaona kumbe nilikuwa sahihi." Aliinamisha kichwa. "Nilifurahi, nikwambie ukweli. Tangu nianze kazi sijawahi kumshinda yule mama."

"Na jana alipokiri kosa lako, ulisemaje?"

"Nilitaka kusema," Profesa alijibu. "Mkurugenzi alikuwa anafoka."

Kumbe hakukuwa na mkono wa siri. Kulikuwa na mjuaji mmoja na kitufe kimoja. Hilo lilimwondolea Inspekta swali la kwanza na kumwachia gumu zaidi: mwanamke asiyesamehe hata kadi ya harusi aliupitishaje ukurasa wenye makosa saba, na kwa nini alikubali kwenda ndani kwa dhambi ambayo hakuitenda? Mtu hajibebeshi mzigo wa namna hiyo bure. Ama kuna mtu anamficha, ama kuna kitu.

Saa sita na nusu kiwanda kizima kilitoka kwenda kula. Inspekta alijifungia chumba cha prufu, akavuta bahasha ya kitabu, akautafuta ukurasa wa arobaini na mbili wenye saini. Akahesabu mistari iliyopangwa. Ishirini na minane. Akahesabu nukta za penseli kwenye ukingo. Thelathini na nne.

Alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Thelathini na nne. Nyingine zilikaa katikati, penye nafasi kati ya mstari na mstari, na tatu za mwisho zilikuwa chini kabisa, mahali pasipo na neno hata moja.

Akafungua daftari la mwalimu, muswada wenyewe. Mwalimu alikuwa na mwandiko mpana, mistari mifupi. Somo hilo katika daftari lilikuwa na mistari thelathini na minne.

Inspekta alivuta kiti akakaa. Kisha akasimama, akatoa bahasha za mwaka uliopita, moja baada ya nyingine, akahesabu mpaka macho yakamuuma. Huko nyuma nukta na mistari vililingana, ukurasa kwa ukurasa, kila nukta imekaa mwisho wa mstari wake. Miezi minane iliyopita zilianza kupotea njia. Moja hapa, mbili pale, kisha kila ukurasa.

Lakini kulikuwa na jambo lisiloingia. Katika miezi hiyo minane wino mwekundu ulikuwepo, tena mwingi, makosa yote yamenaswa. Na nyuma ya kila karatasi, pembeni chini, mtu alikuwa ameweka mstari mdogo wa penseli, hafifu, mrefu kama punje ya mchele. Alama ya nini? Ya kumwonyesha nani? Alifikiria jengo la ng'ambo, akafikiria kurasa zinazotolewa nakala na kupelekwa kwa washindani. Akageuza karatasi za kitabu cha vitenzi. Alama zilikuwepo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa thelathini na mbili. Kuanzia thelathini na tatu hadi arobaini na nane, hakuna. Kuanzia arobaini na tisa, zikarudi mpaka mwisho.

Kurasa kumi na sita. Fungu moja la uchapaji, zinazopita mashineni kwa pamoja.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akavuka barabara. Mlangoni pa lile jengo palikuwa na ubao wa majina. Juu kabisa washindani wa Mkurugenzi. Chini yao chuo cha ushonaji. Ghorofa ya kwanza, kliniki ya macho. Alipanda mpaka hapo tu. Mhudumu alikataa kumwambia habari za mgonjwa yeyote bila barua, naye hakuibishania barua. Aliwatazama watu waliokaa kwenye benchi, namna walivyogeuza nyuso pembeni kumwangalia mtu aliyeingia.

*

Saa tisa alimtoa Sauti chumbani kwa kisingizio, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake mkabala na Bibi Kamusi.

"Nimeandika maelezo upya, mama. Yale ya jana yana makosa. Nikusomee, kisha utie saini."

"Soma."

Inspekta alishika karatasi akasoma polepole. "Mimi, msomaji prufu wa kiwanda hiki, nakiri kwamba nilipitisha ukurasa wa arobaini na mbili kwa makusudi, nikijua una makosa, ili kumharibia mwajiri wangu. Sikulazimishwa na mtu."

"Sawa sawa," alisema Bibi Kamusi. "Hapo umeandika vizuri." Akaivuta karatasi chini ya taa, akauinamisha uso, akapapasa ukingo kwa kidole gumba, akatia saini yake, nzuri, yenye mkia.

Inspekta hakuichukua. Katika miaka yote hiyo alikuwa amewatega wezi na wauaji, na hakuna siku aliyoionea haya kazi yake kama siku hiyo.

"Mama," alisema, "hapo umetia saini maelekezo ya kutumia birika la umeme."

Nje mashine ziliendelea kupiga. Bibi Kamusi hakushtuka. Alikaa, mikono juu ya karatasi, kisha akanyoosha kidole akaizima taa.

"Kuna wingu," alisema. "Katikati. Pembeni naona. Wewe hapo nakuona masikio mawili na mabega, uso huna. Kliniki wamesema uoni wangu hautarudi."

"Jana ungesema hivyo tu. Ingekuwa bahati mbaya, si jinai. Jela unaijua?"

"Sikia, mwanangu. Katika miezi hii minane, mbali na hiki, vimepita vitabu ishirini na vitatu kwa saini yangu. Kuna cha hesabu. Kuna cha wafugaji, kina vipimo vya dawa za ng'ombe, gramu hizi kwa kilo hizi. Nilikuwa nasikiliza shemeji akisoma, na mapengo nikiyajaza kwa uzoefu, nikijiambia kesho nitasema. Kesho ikawa kesho." Aliisukuma karatasi kando. "Mkisema Bibi Kamusi alikuwa mwovu, basi aliharibu ukurasa mmoja. Mkisema alikuwa haoni, hivyo ishirini na vitatu vyote ni takataka, na kila aliyevinunua atakuwa hajui aamini ukurasa upi. Na shemeji yangu aliyekaa mbele yangu atafukuzwa pamoja nami. Nimepima. Jela ni ndogo."

"Makosa yalikuwa yananaswa, mama. Nimeona wino mwekundu."

"Machache nilikuwa nayaona, yakiangukia pembeni."

"Machache?" Inspekta alisimama akafungua mlango. "Ngoja."

Sauti alikuwa koridoni, na pamoja naye Mkurugenzi, saa mkononi, amekuja kuulizia gari. Wote wawili waliingia. Inspekta alizipanga karatasi mezani kifudifudi, zile alama ndogo za penseli zikitazama juu, akamgeukia Sauti.

"Hizi ni zako."

Mwanamume yule mwenye sauti ya kujaza chumba alinong'ona. "Zangu."

"Mwambie shemeji yako ni za nini."

"Afande, si mbele ya—"

"Ameshajua kwamba najua. Mwambie."

Sauti alimtazama Bibi Kamusi, kisha akautazama ukuta. "Shemeji, nilijua habari za macho yako tangu siku ile uliponiamkia ukidhani mimi ni mlinzi. Nikaona nukta zinavyokwenda. Nikasema nikikwambia nitakuvunjia heshima, na wewe hukuwa unataka kuambiwa. Basi wakitoka kwenda kula, mimi narudi. Nazisoma upya zote, peke yangu, neno kwa neno. Penye kosa natia wino kwa mwandiko wako, miaka yote hii naujua. Nikimaliza karatasi naweka kimstari nyuma ili nisipotee. Kisha nampelekea Profesa."

"Zote?" aliuliza Bibi Kamusi.

"Zote. Cha hesabu nilikisoma mara mbili. Cha dawa za ng'ombe mara tatu, niliogopa."

"Isipokuwa hizi kumi na sita," Inspekta alisema.

"Fungu la tatu sikuwahi." Sauti alisita. "Lilichukuliwa hapa mezani saa tano asubuhi, hata kabla ya chakula. Mashine ilikuwa imekaa bure."

"Nani alilichukua?"

Mkurugenzi alikuwa ameanza kuzihesabu kalamu zake mfukoni, zile tatu, kwa kidole. "Mimi," alisema. "Nilikuja mwenyewe. Niliona saini ipo. Nikasema mnachelewesha watu, nikalibeba nikalipeleka mashineni."

Inspekta alitoa maungamo kwenye jalada, akaandika juu yake maneno mawili, si kweli, akaweka tarehe na cheo chake. "Kwa ofisi yangu, hapa hakuna kesi," alisema. "Gari lisije. Kuna mtu aliyebadilisha neno alilodhani analijua, nawe utazungumza naye. Kuna mwenye kampuni aliyenyakua karatasi mezani, naye sijui nani atazungumza naye. Vitabu ishirini na vitatu ni safi. Miaka ishirini na sita ni safi."

Mkurugenzi alifungua kinywa. Ilionekana wazi alikuwa akitafuta pa kuimwagia hasira yake na hakupata. "Bibi Kamusi," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo wafanyakazi wake hawakuwahi kuisikia, "mimi sikujua."

"Ungejuaje, mwanangu. Nilikuwa naficha." Alisukuma penseli mbali naye, pamoja na kalamu nyekundu. "Saini yangu ya mwisho nimekwisha kuitia leo. Iko kwenye birika."

Mkurugenzi alitoka akitembea taratibu, akaufunga mlango kwa upole. Inspekta alikusanya karatasi zake. Naye alitaka kuondoka, lakini Bibi Kamusi alikuwa ameugeuza uso pembeni, upande wa kushoto kidogo, upande ambao bado angeweza kumwona Sauti.

"Miezi minane," alisema. "Kila siku, saa ya chakula."

"Ndiyo, shemeji."

"Sasa wewe ulikuwa unakula saa ngapi?"

Sauti alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Jioni," alisema. "Nyumbani."

"Mjinga wewe," alisema Bibi Kamusi, na machozi yakamtoka mbele ya afisa wa polisi, bila kujificha. Alinyoosha mkono kuvuka meza kumtafuta. Kwanza uligonga shingo ya taa, kisha ukapapasa hewa, na Inspekta akamwona Sauti akiusogeza mkono wake mwenyewe, polepole, bila neno, mpaka ukawa mahali ambapo wa shemeji yake ungeukuta.